Okoa na Opoa: Maneno Mawili ya Kunusuru

Kitenzi opoa kina maisha mawili katika Kiswahili cha Tanzania. Huku kwetu Upareni, katika vijiji vinavyonywesha mashamba kwa maji ya ndiva, ni neno la kila siku, wala halina uzito kuliko teka au chota. Jembe limetumbukia, liopolewe. Sufuria imemponyoka binti anayeosha vyombo, iopolewe. Lakini washa redio siku kivuko kinapopinduka ziwani, na neno hilo hilo litakufikia likiwa limebeba jeneza. Ndugu yake, okoa, amepita njia nyingine kabisa: ameingia kanisani, ameingia serikalini, ameingia hata katika simu za mkononi.

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, kwanza sekondari kisha katika chuo cha ualimu, na tangu nistaafu nasoma mashairi ya vijana kila wiki. Naona wengi wao wakiyabadilishana maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja. Kanuni za ushairi haziwazuii: o-ko-a ni mizani tatu, o-po-a ni mizani tatu, na kina cha mwisho ni kile kile. Kwa hiyo hakuna kitakachomgutusha mtunzi asipogutushwa na maana yenyewe. Ndiyo sababu nimeona vyema tuyafuate maneno haya tangu kisimani.

Nianze na ndiva, maana msomaji wa pwani huenda hajaiona. Mji wa Same umekaa kwenye tambarare kavu ambako mvua huja kwa kubahatisha. Juu yake milima ya Upare Kusini hupanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462, penye msitu na ukungu. Maji yetu hutoka huko, tena kwa vijito vyembamba ambavyo peke yake havifikishi maji mwisho wa shamba. Wazee walibuni dawa: usiku kijito huelekezwa kwenye bwawa lililochimbwa ubavuni mwa mlima na kuzungushiwa kingo za udongo na mawe, asubuhi tundu huzibuliwa, maji yakashuka kwa nguvu katika mfereji hadi kwa yule mwenye zamu. Bwawa hilo ndilo ndiva. Yapo mengi upande wa Vudee, Bangalala na Mwembe, mengine yana umri kuliko kumbukumbu za ukoo wowote. Tope likijaa, watu huitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na kila nyumba hutoa mtu.

Siku ya msaragambo ndiyo siku ya kuopoa. Maji yakishatoka, tope huanza kurudisha ilichomeza: mundu, kibuyu, kiatu cha mguu mmoja, jembe ambalo ndugu wawili waliwahi kunyimana salamu kwa ajili yake. Majirani zetu hutusema Wapare kuwa hatukubali kitu kipotee, na kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sitajitetea. Nasema tu kwamba watu wa namna hiyo wanahitaji kitenzi kizuri cha kurudisha kilichozama, na Kiswahili kilikuwa nacho tayari.

Opoa ni kutoa kitu kilichoingia ndani ya maji, au ndani ya shimo, mahali ambapo mkono mtupu haufiki kwa urahisi. Mama jikoni huepua chungu motoni, kisha huopoa mnofu ndani ya mchuzi: moto una kitenzi chake na kimiminika kina chake. Ndoo ikikatika kamba, huopolewa. Kifaa cha kazi hiyo nacho kina jina, kiopoo, yaani mti mrefu wenye ndoana au kulabu mwishoni. Makamusi ya zamani, kama ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903, yalilirekodi jina hilo, kwani visiwani na pwani kila mtaa uliishi kwa kisima. Leo vijana wengi niliowafundisha hawakuwahi kulisikia, ingawa kitu chenyewe wanacho nyumbani: kipande cha nondo kilichokunjwa ncha, kimefungwa kwenye mti, kimesimama nyuma ya mlango. Wanakiita “ile nondo”. Jina limezama, kifaa kimebaki juu.

Tutazame sasa umbo la maneno yenyewe. Kiswahili kina mkia wa kutengua, -ua au -oa kutegemea irabu iliyotangulia. Funga, fungua. Ziba, zibua. Nasa, nasua. Kwama, kwamua. Choma, chomoa. Jambo limefanyika, mkia huo hulirudisha nyuma. Opoa na okoa yana mkia huo huo, na sikio la Mswahili linausikia, lakini ukiukata, kinachobaki mbele hakisimami chenyewe kama kitenzi chenye maana inayohusiana. Mwanachuo mmoja mwerevu aliwahi kunijengea nadharia kwamba okoa limetokana na oka, hivyo kuokoa ni kuutoa mkate kabla haujaungua. Darasa lilipiga makofi. Ni nadharia tamu, lakini hakuna mpishi anayesema anaokoa mkate. Mpishi huutoa, au huuepua. Matumizi ndiyo hakimu, na hapo kesi ilikwisha.

Kilichonivutia zaidi ni kitu kingine. Okoa ina mwenziwe wa kujitendekea, okoka. Mtu ameokoka ajalini, mwizi ameokoka kupigwa, mbuzi ameokoka mdomoni mwa chui. Aliyeokoka huenda alisaidiwa, huenda alikimbia, huenda alikuwa na bahati tu. Kitenzi hakiulizi, kinampa yeye nafasi ya kiima. Je, opoa nayo? Kwa kanuni tungeweza kuunda opoka. Lakini katika miaka yangu yote Same na nje ya Same sijamsikia mtu akisema ndoo imeopoka. Haiwezekani, kwa sababu ndoo iliyo chini ya kisima haina mchango wowote katika kutoka kwake. Kinachookolewa kinaweza kunyoosha mkono. Kinachoopolewa hungoja.

Wengi hufikiri kwamba tofauti ya maneno haya ni kwamba okoa ni la watu na opoa ni la vitu. Si hivyo hasa. Tunasema kuokoa mali nyumba inapoungua, na msemo wa kuokoa jahazi unajulikana na kila mtu anayefuata siasa au mpira. Wala si kweli kwamba opoa haligusi chenye uhai, kwa kuwa mtoto aliyetumbukia kisimani huweza kuopolewa akiwa hai. Lakini tazama jinsi tulivyolazimika kuongeza “akiwa hai”. Ukisema “aliokolewa” na kunyamaza, msikilizaji anapumua. Ukisema “aliopolewa” na kunyamaza, msikilizaji anainamisha kichwa. Tofauti ipo katika wakati. Okoa huwahi hasara ikiwa bado inakuja: jahazi linayumba lakini linaelea, moto umeshika paa lakini sanduku halijashika. Opoa huja baada ya kuzama. Maji yamekwisha kufanya kazi yao.

Kanisa lilichukua okoa na likaacha opoa. Wasabato walifika Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, wakati Walutheri wa Leipzig nao walikuwa wakijenga vituo vyao katika milima hii hii. Mmisionari Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu, lugha yetu, mwaka 1909, na Agano Jipya kwa Chasu likatoka mwaka 1922. Kwa hiyo mababu zetu walihubiriwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, na Kiswahili cha ibada kikaja kuota juu yake, pamoja na shule. Kwa kizazi changu okoa lilikuwa neno la siku ya ibada, iwe Jumamosi au Jumapili kutegemea mlima uliozaliwa, na opoa lilikuwa neno la siku za kazi. Kisha ukaja Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu wake balokole, sisi tukasema walokole, na okoka likawa hadhi ya mtu. “Umeokoka?” likawa swali linaloulizwa stendi ya basi na mtu usiyemjua.

Mafuta hayo ya kanisa yaliacha alama katika nomino, na hapa naomba wapenzi wa sarufi wanivumilie. Kutokana na okoa tuna Mwokozi, kwa njia ile ile ya kale inayotoa mkombozi katika komboa. Kutokana na okoka tuna wokovu, kama uchovu unavyotoka katika choka. Wokovu basi, kwa asili ya umbo lake, ni hali ya yule aliyeponyoka, wala si kazi ya yule aliyemtoa. Maneno haya mawili yalipokwisha kutwaliwa na dini, serikali ilipohitaji jina la kazi ya kawaida ya kutoa watu katika moto na vifusi haikuweza kuyatumia. Ikaunda upya kwa njia nyepesi ya siku hizi: mwokoaji, uokoaji. Ndiyo maana nchini mwetu lipo Jeshi la Wokovu, lililofika Tanganyika mwaka 1933 na linalohubiri na kusaidia maskini, na lipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lenye sheria yake ya mwaka 2007. Majeshi mawili, mzizi mmoja, na hakuna anayeyachanganya.

Opoa halikupata mwopozi wala halikupata nomino ya kale yenye heshima. Lina mwopoaji na uopoaji tu, maneno ya taarifa. Na jambo la ajabu ni kwamba askari wa Uokoaji, wakiitwa kisimani, mara nyingi kazi wanayoikuta ni ya kuopoa.

Historia ya nchi hii imeopoa vitu vikubwa kuliko majembe. Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, wakaitia magurudumu na kuikokota bara ikapigane nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo ulifika hadi Kahe, kaskazini tu ya milima yetu, ambako wenyewe waliuharibu na kuuacha walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Smuts, Machi 1916. Baadaye mwaka huo vita vikateremka na reli ya Tanga kupitia Same, na wapagazi wa milima hii wakajua uzito wa mizigo ya watu wengine. Mwingine katika mizinga ile unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Ziwa Tanganyika. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikaanza kazi mwaka 1915. Julai 1916, adui alipokaribia, wahandisi wake waliamriwa waizamishe. Waliizamisha, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito ili isile kutu. Hebu fikiri: mtu anazamisha huku akitayarisha kuopolewa. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, ikakarabatiwa, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Ilibeba abiria kwa miongo mingi baada ya wote waliohusika na vita vile kufa. Hakuna mtu mwenye masikio ya Kiswahili atakayesema Liemba iliokolewa. Iliopolewa, na hapo neno halina msiba hata kidogo, kwa sababu chuma hakina pumzi ya kupoteza.

Binadamu anayo.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Meli ile ilielea kifudifudi kwa muda, na waliokwama ndani walisikika wakigonga chuma. Bodi ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ilitoka, nayo ikazama. Katika saa chache hizo kazi moja ilibadilika jina. Ilikuwa kuokoa, ikawa kuopoa, na wapiga mbizi walioletwa hata kutoka Afrika Kusini walikuja kwa kazi hiyo ya pili.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha chuoni, mbali sana na Ziwa Victoria. Mmoja wa wanachuo wetu alikuwa na kaka yake ndani ya meli ile. Siku ya tatu simu ilipigwa ofisini, na karani akaandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi: “Kaka amepatikana. Uje.” Kijana yule hakwenda kwa mlezi wake wa bweni. Alikuja kwangu, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, akaniwekea karatasi mezani na kuuliza, “Shikamoo mwalimu. Amepatikana maana yake nini?”

Nilimwitikia salamu yake. Swali lilikuwa la lugha, na jibu lake la lugha nililijua. Okolewa linasema yu hai. Opolewa linasema la. Patikana halisemi lolote; ni neno ambalo familia hushika katikati ya hayo mawili, ili mtoto asafiri bila kuangukia njiani. Na kama kaka angekuwa hai, wasingemwambia “uje”. Wangemwambia “tulia”, au kaka mwenyewe angeomba kushika simu. Nilimwambia afunge safari siku ile ile na asiende peke yake, na mwenzake mmoja aliruhusiwa kumsindikiza. Hakuniuliza tena, nami sikulitafsiri lile neno. Waliporudi baada ya wiki moja, yule msindikizaji ndiye aliyeniambia kuwa walimzika Igoma, pamoja na wengine wengi.

Tangu hapo nasikiliza vitenzi katika taarifa za ajali kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Nilivisikiliza mwaka 2011 MV Spice Islander ilipozama Nungwi. Nilivisikiliza Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ukerewe, na kuua watu zaidi ya 220. Ajali ilitokea Alhamisi tarehe 20. Kufikia Jumamosi hakuna aliyezungumza tena habari ya kuokoa. Kila taarifa ilikuwa na idadi ya miili iliyoopolewa, na idadi ilipanda kila saa. Jumamosi hiyo hiyo wapiga mbizi wakamkuta fundi wa mitambo ndani ya kivuko, mahali palipobaki hewa, akiwa hai. Siku mbili chini ya maji! Nakumbuka mtangazaji alivyokwama. Alianza na “ameopo-”, akanyamaza, akarudi nyuma na kusema “ameokolewa”. Sidhani kama alifikiri juu ya sarufi. Ulimi wake wenyewe ulikataa.

Same hatuna ziwa la namna hiyo. Tuna bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa magharibi, lililojengwa katika miaka ya 1960, na wavuvi wake wanajua opoa kwa maana zote mbili. Msiba wetu mkubwa ulitoka mlimani. Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wa ukame mkali. Mifugo ilikufa tambarare yote. Kisha Novemba mvua zikaja kwa pamoja, na ubavu wa mlima ukaporomoka juu ya nyumba za kijiji cha Goha, Mamba Miamba. Walikufa watu zaidi ya 20, wakiwamo jamaa wengi wa nyumba moja moja. Watu walichimba kwa majembe, kwa sepeto, kwa mikono. Neno lililotumika huko halikuwa opoa, kwa maana udongo si maji. Lilikuwa fukua, neno ambalo siku nyingine zote ni la viazi na la panya wa shambani. Nilisikia mzee mmoja akimkatiza kijana aliyelitamka mbele ya wafiwa: “Sema tunawatoa.” Toa ni kitenzi kipana kuliko vyote, na siku ile upana wake ulikuwa adabu.

Yapo maneno mengine ya jamaa hii, nami nitayapita mbio. Nusuru limetoka Kiarabu na limepanda cheo: ni la hotuba, la dua na la miradi. TASAF ina Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na bibi mmoja jirani yangu husema bila kutania kwamba yeye “yuko kwenye kunusuru”, kama mtu anavyosema yuko kwenye kwaya. Komboa lilikuwa neno la fidia ya mateka na watumwa, likawa la kupigania uhuru, na mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda Kamati ya Ukombozi makao yake yakawa Dar es Salaam. Lakini mtaani bado tunakomboa shamba lililowekwa rehani, na simu iliyoachwa kwa mwenye duka. Kwamua ni la barabara zetu za mlimani wakati wa masika, gari likiwa limezama matope hadi ekseli, na abiria wote, shehe na mchungaji, wameshuka kusukuma. Ponya nalo liko baina ya daktari na mganga. Hakuna hata moja linaloweza kukaa mahali pa jingine bila kuvunja kiti.

Okoa kwa upande wake linazidi kutanuka. Siku hizi tunaokoa muda, tunaokoa fedha, tunaokoa umeme. Baadhi ya walimu wenzangu hukasirika na kusema ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mimi sikasiriki sana. Muda nao huweza kupotea, na aliyeokoa saa moja ameiwahi kabla haijapotea, hivyo maana ya asili haijaumia. Wakenya wamefika mbali zaidi: huduma ya Safaricom ya kukopa salio inaitwa Okoa Jahazi, na mtu anayeishiwa muda wa maongezi huliokoa jahazi lake mara tatu kwa siku. Walioibuni walikuwa na sikio. Wangeiita Opoa Jahazi, nani angekopa?

Na opoa limepata kazi mpya ambayo sikuitarajia. Kijana wa mjini akisema “ameopoa”, hasemi habari ya ndoo wala ya maiti. Anasema rafiki yake amepata mwanamke, mara nyingi baa, mara nyingi usiku mmoja. Magazeti ya udaku yamelikuza. Wasichana niliowafundisha walilichukia neno hilo katika matumizi hayo, na walikuwa na hoja: linamfanya mwanamke kitu kilichokuwa chini ya maji, kisichonyoosha mkono, na mwanamume mwenye kiopoo ndiye mtendaji pekee. Ukikumbuka kwamba hakuna “kuopoka”, utaona kwamba wasichana wale walikuwa wameifahamu sarufi vizuri kuliko walivyodhani.

Kwa hiyo narudi kwenu, watunzi. Mwezi uliopita nilisoma shairi la mapenzi ambalo kila ubeti ulimshukuru mpenzi kwa “kuniopoa”, na wachangiaji wawili wakamkosoa mtunzi kwamba alipaswa kuandika “kuniokoa”. Mimi ningemuuliza kwanza alikuwa wapi. Akiandika “uliniokoa”, anasema alikuwa bado anaelea, anapiga mikono, na labda hata angefika ufukweni peke yake. Akiandika “uliniopoa”, anasema maji yalikwisha kumfunika, hakuwa akipiga kelele tena, na yule aliyeshusha mkono hakujua kama atakachokileta juu kitakuwa na pumzi.